Maji Hayajui Afande

Wengi mlipiga simu mkasema mlikosa mkutano wa Jumamosi pale Shela, Malindi, ule nlioongea juu ya wahandisi wa jeshi na maji. Wengine mlikuwa baharini, wengine mlikuwa kwa ile arusi ya Mambrui ambayo mimi sikualikwa lakini tuwache hayo. Basi nimeyaandika yote vile nlivyoyasema, kijana wangu alikuwa amerekodi kwa simu. Picha za ukutani nimeziacha, na hata pale pale stima ilipotea katikati kwa hivo nusu ya walokuja nao hawakuziona.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, wavuvi, vijana wa BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, na nyinyi wa bodaboda mlosimama mlangoni kama mwangoja abiria, ingieni ndani, hakuna kiingilio. Hamjambo? Hamjambo tena?

Nlipoambiwa nije niongee juu ya wahandisi wa jeshi na kazi zao za mafuriko na mito na usafi, mjukuu wangu aliniuliza, babu, kwani jeshi si kazi yake kupiga risasi? Nkamwambia mimi babu yako nimekula mshahara wa jeshi miaka mingi na kitu nlichoshika sana mkononi ni koleo, cha pili ni spana, cha tatu kamba. Mimi nlikuwa sapa. Sapa ni askari wa wahandisi, huyo ndo atangulia mbele kufungua njia wenziwe wapite, na wenziwe wakirudi nyuma yeye ndo abaki mwisho kuifunga. Bunduki anayo, lakini mara nyingi iko mgongoni yamgonga kiuno tu.

Sasa niwaulize, barabara ikikatika na maji, kitu cha kwanza mtu ataka ni nini? Unga? Dawa? Wanasiasa? Hapana. Kitu cha kwanza ni njia. Njia ikiwepo unga utakuja, dawa itakuja, na hao wengine pia watakuja, hao hata bila njia hufika kwa ndege.

Nakumbuka kazi yangu ya kwanza kabisa, bado nina ngozi laini ya kuruta. Mto mmoja wa msimu kule bara ulikuwa umebeba daraja usiku, asubuhi malori yamepanga foleni pande zote mbili, kuna lori la mbuzi, wawili washakufa kwa jua, kuna la nyanya yanuka kutoka mbali. Tukaletwa sisi na daraja la Bailey. Alolibuni ni Mwingereza, Donald Bailey, wakati wa vita vya pili vya dunia, na hakuwa jenerali, alikuwa raia tu afanya kazi serikalini. Akili yake ilikuwa hivi, daraja lije kwenye lori vipande vipande kama kitanda cha kufungua, na kila kipande watu sita waweze kukibeba kwa mikono bila krani. Paneli moja ina urefu wa kama mita 3 na uzito wa kama kilo 260. Gawanyeni kwa sita. Kila mtu ana kilo arobaini na kitu, chini ni matope, na mwenye kushoto kwako ni mfupi, kwa hivo uzito wake waja kwako.

Mnaliunga upande mmoja nchi kavu, juu ya rola, halafu mnalisukuma liende lenyewe hewani mpaka ng'ambo. Mbele mwatia kipande chepesi, chaitwa pua, na nyuma mwaacha uzito, lisije likainama likapiga mbizi kabla halijafika. Mwenye kushusha jahazi kwa magogo hapa hana haja ya kuelezwa zaidi. Ni ile ile, harambee, harambee, simama, tia gogo, harambee.

Na paneli zashikwa na pini. Pini ya chuma nene kama mpini wa jembe, na kichwani ina kitundu, watia klipu ndogo isichomoke. Klipu yenyewe ukiiona utasema ya nini hii, ni kama waya wa kufungia nywele. Mimi nkatia pini zangu, klipu mbili nkazisahau mfukoni kwa sababu nlikuwa naangalia lile lori la mbuzi. Sajenti wetu akapita na nyundo agonga gonga, akafika kwangu akasimama. Hakunipigia kelele. Akaichomoa pini kwa vidole viwili, hivi, taratibu, akaniwekea kiganjani, akasema, haya, mwite dereva wa lori la kwanza umwambie apite. Nkakaa kimya. Akasema tena, mwite. Wallahi mpaka leo nikipanda daraja lolote miguu yangu yatafuta klipu.

Nasema haya kwa nini? Kwa sababu watu hufikiri kazi ya maafa ni ushujaa, mtu aruka kutoka kwa helikopta. Ushujaa upo lakini kazi kubwa ni klipu.

Mwaka wa 2024, mwezi wa tatu tarehe 26, meli kubwa ya makontena iligonga daraja la Francis Scott Key kule Baltimore, Marekani, daraja likaanguka lote, wakafa wafanyakazi sita walokuwa juu wakitengeneza barabara usiku. Chuma na simiti kama tani 50,000 zikalala ndani ya mkondo wa kuingilia bandari. Wenye kazi ya mikondo kule ni wahandisi wa jeshi lao, na si tangu jana, tangu mwaka wa 1824 ndo wao walipewa kazi ya kung'oa magogo yaliyokuwa yakitoboa meli kwenye mito ya Ohio na Mississippi. Sasa mwafikiri walianza na nini? Walianza kutoa lile daraja lote? La. Mwanzo wa mwezi wa nne walikuwa washafungua kijinjia cha pembeni, kina chake futi 11, yaani hata pima mbili haifiki, kipite vijiboti na mashua za kazi. Halafu wakaongeza, wakaongeza, na tarehe 10 mwezi wa sita mkondo wote ukawa wazi. Wiki kumi na moja. Hapa kwetu nani ataka kuanza na futi 11? Sisi twataka uzinduzi, utepe, na hema jeupe. Kama hakuna hema jeupe kazi haijaanza.

(Hapa watu walicheka sana, na mzee mmoja akasema kwa sauti, na soda! Kweli mzee, na soda.)

Na kuna kazi nyingine ya njia, njia ya kumfikia mtu alozikwa chini. Mwakumbuka lile jumba la Huruma, Nairobi, tarehe 29 mwezi wa nne 2016, mvua yanyesha, ghorofa ikakaa chini. Walikufa zaidi ya watu 50. Jeshi lilikuwepo, Msalaba Mwekundu walikuwepo, vijana wa NYS, huduma ya vijana kwa taifa, walikuwepo. Sikuwepo mimi lakini kazi naijua. Kuna wakati kwenye kazi hiyo mkuu anyoosha mkono juu na mashine zote zazimwa. Tingatinga, jenereta, hata simu. Watu mia tatu wasimama kimya na vumbi lao, wasikiliza kama kuna mtu agonga. Kelele za injini zina raha yake, mtu aona kazi yaenda, kile kimya ndo kigumu. Na pale Huruma alitolewa mtoto mchanga hai, baada ya siku tatu na zaidi.

Haya. Sasa tuje kwa maji yenyewe, kwa sababu najua nyinyi mmeketi hapa mwangoja nitaje Sabaki. Nitaitaja. Lakini kwanza twende Marekani kidogo, msinikasirikie, kwa sababu wale wenzetu wamekosea kwa pesa nyingi sana na kosa la pesa nyingi lina elimu nyingi.

Ule mto wao wa Mississippi, wahandisi wa jeshi kwa miaka mingi walikuwa na imani moja tu: tuta. Jenga tuta huku, jenga tuta kule, mto ukae katikati kama ng'ombe zizini. Mto ukipanda, panua tuta juu. Basi. Halafu mwaka wa 1927 mvua ikaja, na maji hayajui afande. Narudia, maji hayajui afande! Hayajui nyota mabegani. Tuta zilikatika mahali pengi, watu laki sita na zaidi wakawa hawana makwao. Na sikilizeni hili, wakubwa wa mji wa New Orleans waliogopa mji wao utazama, basi mwisho wa mwezi wa nne wakapata ruhusa ya kulipua tuta kwa baruti chini ya mji, maji yaende kwa maskini wa kule, wavuvi na wawindaji, wakaambiwa mtalipwa. Walilipwa? Wengi walipata makombo na wengine hawakupata kitu. Na mambo yenyewe, baadaye ilionekana hata hakukuwa na haja, kwa sababu tuta zilikuwa zikikatika huko juu na maji yashapata pa kwenda.

Mvuvi aambiwa utalipwa. Hii hadithi mumeisikia mahali jamani, au ni mimi tu? Walipochimba bahari kwa ajili ya bandari ya Lamu wavuvi walienda kortini, na mwaka wa 2018 ni Mahakama Kuu ya hapa hapa Malindi ilosema wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Korti ilisema. Mengine baada ya korti waulizeni jamaa zenu wa Lamu, wao wataeleza vizuri kuniliko mimi, wana machungu nayo.

Tuendelee. Baada ya 1927 wahandisi wale wakabadilika. Wakasema tuta peke yake haitoshi, lazima mto upewe mlango. Wakajenga mlango mmoja waitwa Bonnet Carré, juu kidogo ya New Orleans, ukamalizika mwaka wa 1931. Nlipousoma nliupenda kwa sababu ni kitu cha kienyeji kabisa. Ni ukuta mrefu wenye nafasi 350, na kila nafasi imezibwa na mbao 20 zimesimama wima. Mbao tu! Mto ukipanda sana, krani yapita juu ya ukuta kwenye reli, yanyanyua mbao moja moja, maji yatoka pembeni yaenda ziwani na kutoka hapo baharini, mji wapona. Mto ukishuka, mbao zarudishwa. Ni kama mtu avua kipande cha makuti ya nyumba upepo upite, sio kuushikilia ukuta kwa mabega.

Lakini nisiwadanganye kuwa ndo dawa. Mwaka wa 2019 mlango ule ulifunguliwa mara mbili kwa mwaka mmoja, haijawahi kutokea, na maji baridi ya mto yalipoingia baharini kwa miezi yakaua chaza na pomboo wakafa, wavuvi wa kule wakakaa bila kazi. Kwa hivo ukiyapa maji njia uliza pia njia yenyewe yaishia kwa nani. Swali hilo si la mhandisi peke yake. Mhandisi atakwambia maji yatapita. Wapi yatapita na juu ya kitanda cha nani, hilo ni lenu.

Na kuna kisa kingine, hiki ndo nlitaka hasa mkibebe muende nacho. Kule Florida kuna mto waitwa Kissimmee. Ulikuwa mto mvivu, wajipinda pinda kama nyoka alokula akashiba, urefu wake wote na mipinda ilikuwa kama kilomita 166. Kulikuwa na mafuriko, watu wakalalamika, na wahandisi wa jeshi wakaja na plani: tuunyooshe. Kutoka 1962 mpaka 1971 wakachimba mfereji mmoja ulonyooka, kilomita 90, na kina chake futi 30. Kazi safi kabisa, mimi kama sapa nikiona picha za mfereji ule nasema mashallah, kingo zimekatwa kama kwa wembe. Mafuriko yakapungua. Kisha ndege wakaondoka. Samaki wakapungua. Vinamasi vilivyokuwa vikichuja maji vikakauka vikawa malisho ya ng'ombe, na uchafu wote sasa ukawa wateremka moja kwa moja mpaka ziwani kwa kasi, kwa sababu hakuna mpinda wa kuuzuia.

Sasa fanyeni hesabu. Miaka kumi kuunyoosha. Wakaanza kuurudisha mwaka wa 1999, wahandisi wale wale wa jeshi, na walimaliza 2021. Walifukia kilomita kama 35 za mfereji wao wenyewe kwa mchanga walouchimba wenyewe, na bili ilifika karibu dola bilioni moja. Ndege wamerudi, ndio. Lakini hebu fikirieni yule kijana alochimba 1965 akiwa na miaka ishirini akajisifu kwa mamake, halafu akiwa mzee aletewa gazeti asoma kazi yake yafukiwa. Mimi huyo mzee namhurumia sana, labda kwa sababu ni mwenzangu wa koleo.

Nampa heshima mtu akubaliye kosa. Maji yalipoizamisha New Orleans mwaka wa 2005, kimbunga Katrina, asilimia 80 ya mji ilikuwa chini ya maji, na kuta nyingine za mifereji zilianguka hata kabla maji hayajafika juu yake, yaani plani ilikuwa mbovu. Mwaka ulofuata wahandisi wenyewe walitoa ripoti na mkuu wao akakiri mbele ya watu. Watu washakufa zaidi ya elfu, kukiri hakufufui mtu, lakini baadaye walijenga upya kwa mabilioni ya dola na kimbunga Ida kilipokuja 2021 zile kuta mpya zilisimama.

Basi Sabaki.

Sabaki hautoki hapa. Mwajua lakini nitasema tena. Maji mwayoyaona yamekuwa mekundu kama chai ya maziwa mpaka watalii wakauliza bahari imepatwa na nini, yatoka mbali, Athi huanzia kule Nairobi, wapita Ukambani, wakutana na Tsavo waitwa Galana, ndo waja kwetu kwa jina la Sabaki. Kila shamba lisilo na matuta kule juu mchanga wake watujia sisi. Kila chupa ilotupwa mtaroni Nairobi ina tikiti ya kuja Malindi bila nauli. Vijana wa leo mwaona ufuo umekuwa mpana, mwacheza mpira pale ambapo wazee wenu waliogelea, mwafikiri ni baraka. Ule ni Ukambani ndugu zangu. Mwacheza mpira juu ya shamba la mtu.

Na Tana ndo hivo hivo. Mwishoni mwa 2023 barabara ya Lamu ilipokatika pale Gamba na Lango la Simba, dada yangu alikuwa Mpeketoni, na mabasi yalisimama watu wakavushwa na maboti juu ya lami. Juu ya lami! Mtu alokuwa akivua kambare akawa kondakta. Kila mtu akalaumu mvua. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli, lakini hebu jiulizeni pale Gamba ni wapi? Pale ni delta, mahali mto wajigawa na kutandaa kabla ya kuingia baharini. Pale ni nyumbani kwa mto. Mpokomo amekaa na mafuriko ya Tana miaka na miaka, yeye huyangoja, maji yakishuka ndo apanda. Mto huko juu una mabwawa, Masinga na wenzake, yakijaa lazima yamwage, na yakimwaga maji yaja kwenye delta kama yalivyokuja enzi za babu zake Mpokomo. Tofauti ni kwamba sasa katikati kuna barabara. Na barabara ilopita kwenye delta, hata kama haiitwi tuta, ni tuta. Ukiweka kalvati chache, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, maji yatajiwekea kalvati yao. Na hayatakuuliza uiweke wapi.

Kwa hivo mkisikia jeshi limekuja na boti, limekuja na daraja, shukuruni, pigeni makofi, wale vijana hawalali. Lakini sapa akifika ujue mambo yashaharibika. Mimi sikuwahi kuitwa mahali pazuri, hata siku moja. Hakuna mtu humwita sapa aje aangalie mtaro unaofanya kazi.

Mikoko nayo ni sapa. Mwacheka, lakini ni kweli. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mtu alowahi kupita ndani ya mkoko na mchu kwa miguu ajua vile ile mizizi ikushikavyo, basi hivo hivo ndivo yashika mawimbi na tope. Hailipwi marupurupu, haina kantini. Twaikata twatia boriti kisha twaandika barua tuletewe ukuta wa bahari. Wamama wa vikundi vya mikoko mko hapa nimewaona, mumepanda na nusu imekufa kwa sababu mlipewa miche ya aina moja mkaambiwa pandeni popote. Kosa si lenu. Mlilana wataka mahali pake, mkandaa mahali pake. Yule alowaletea miche angewauliza nyinyi kwanza.

La mwisho ni uchafu, na hapa sitakaa sana maana naona jua laenda.

Jeshi lenyewe huchafua. Lazima niseme, mimi ni mtu wa jeshi na nasema. Risasi, mafuta, mabomu ambayo hayakulipuka. Kule Archers Post na Dol Dol, Wasamburu na Wamaasai walikuwa wachunga mbuzi kwenye uwanja wa mazoezi walokuwa wakiutumia askari wa Uingereza, na watoto waokota vyuma vyang'ara. Mwaka wa 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228. Wamarekani nao tangu 1986 wana mpango wa kusafisha sehemu zilizokuwa za jeshi zamani, na walopewa kazi ni wahandisi wale wale, bado wako nayo mpaka leo. Kuchafua ni siku moja.

Na mji ukiungua, je? Lahaina, kule Hawaii, mwezi wa nane 2023, mji wa kale wa pwani, upepo, moto, wakafa watu kama mia. Lahaina ilikuwa mji mkuu wa wafalme wao zamani. Nawaambia nlipoona picha zile nlifikiria Lamu, vile vichochoro, yale makuti, upepo wa kusi. Wahandisi wa jeshi walikuja kutoa majivu, na si kuzoa tu. Waliyalowesha kwanza yasiruke, wakayafunga ndani ya plastiki kwenye lori kama maiti yavishwa sanda, kwa sababu nyumba za zamani zina sumu ndani. Na kila mahali kulikuwa na wenyeji wa kuangalia, wajuao makaburi ya kale yako wapi, tingatinga lisiwapitie wazee. Hilo nlilipenda. Kisha likaja swali ambalo lilileta ugomvi, haya majivu yaende wapi? Yakawekwa kwanza mahali paitwa Olowalu na watu wa pale wakapiga kelele, na wana haki, kwa sababu kisiwa hakina uwani, kila upande ni sebule ya mtu. Mtu wa Lamu anielewa. Taka za Lamu zatupwa Lamu, na punda mmoja akibeba kiroba hawezi kukipeleka ng'ambo.

Nishamaliza, msisimame bado.

Ule mtaro wa hapa nyuma unaoshuka baharini umeziba tena pale mdomoni, mchanga na chupa, nlipita Alhamisi nkatia fimbo haikufika hata chini. Wakati wa mvua maji yatarudi madrasa, mwajua vile ilikuwa. Hatungoji mtu. Jumamosi ijayo tutaanza maji yakianza kupwa, ili tukifungua yashuke yenyewe, tusianze maji yakijaa mkaja mkaniambia babu kazi ngumu. Vijana wa bodaboda nataka kumi, mniletee majina. Njia ndogo kwanza, upana wa koleo mbili, tukate mpaka mwisho, halafu ndo tupanue. Msianze kupanua hapa juu mkachoka.

Wamama hamtapika, chai italetwa, nishaongea na mtu. Na yule alochukua karai langu kwa ile kazi ya mwaka jana, namjua, yuko hapa, ameketi upande wa dirishani. Aje nalo.